Kambare Sebuleni kwa Tasripah

Chumvi haikumjia Tasripah kwa kishindo. Ilianza na pilipili. Mwaka ule majani ya pilipili zake yaliungua ncha kana kwamba yamepitishiwa mshumaa, naye akadhani ni wadudu, akayanyunyizia maji ya kitunguu saumu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mchicha, kisha kunde, na mwisho mgomba wa nyuma ya jiko, uliosimama mkavu miezi na miezi kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Siku alipochovya kidole kwenye maji ya kisima na kukilamba ndipo alipoelewa. Bahari ilikuwa imefika bustanini kwake kwa chini chini, kabla haijafika mlangoni.

Mlangoni nako ikafika. Watu wa Jerukasem, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Java, si mbali na Pekalongan, maji hayo wanayaita rob. Hupanda jua likiwa kali na mbingu nyeupe, hakuna wingu wala upepo. Huingia barabarani, yakaja uani, yakaingia ndani, yakakaa yanavyotaka, kisha yakaondoka na kuacha tope. Kila mwenye nyumba aliinua sakafu yake kwa kifusi. Tasripah na mumewe waliinua yao mara tatu. Sakafu ikapanda, paa likabaki palepale, mpaka madirisha ya sebuleni yakawa usawa wa magoti, na mgeni mrefu akawa hana budi kuinama kama anayeingia banda la mbuzi.

Tasripah alikuwa muuza pecel tangu ujana wake: mboga za kuchemsha juu ya jani la mgomba, mchuzi wa karanga zilizosagwa na pilipili na sukari ya mnazi, tempe ya kukaanga, yaani soya iliyochachushwa, pembeni, na kishada cha mrehani mbichi juu yake. Wengi waliuza chakula hicho. Yeye alijulikana kwa sababu mboga zake zilichumwa alfajiri, na saa moja asubuhi ziko kwenye sahani ya mtu. Bustani ilipokufa, akaanza kununua sokoni mboga zilizolala safarini usiku kucha. Wateja hawakulalamika. Walipungua tu, mmoja mmoja, na kila aliyekoma kuja alimsalimia kwa adabu zaidi kuliko zamani. Adabu hiyo ndiyo iliyomuuma.

Mumewe, Darmuji, alikuwa amepoteza zaidi. Mabwawa ya samaki aina ya mwatiko aliyorithi kwa babaye yalilindwa na tuta la udongo. Tuta likabomoka, likajengwa, likabomoka tena, na leo hii palipokuwa na mabwawa zinapita boti. Tangu hapo Darmuji alihamia kwenye kiti cha mbao sebuleni. Maji yakiingia, aliinua miguu akaiweka juu ya stuli. Yakitoka, aliishusha. Hakuwa mkali wala mgonjwa. Ukimwuliza jambo alikujibu kwa neno moja, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa "haya".

Mwana wao wa pekee, Faizin, alifanya kazi kwenye ghala la mizigo huko mjini Bekasi. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. "Mak, hameni," alimwambia mamaye. "Mnangoja nini? Mngoje mpaka samaki wawaamkue kitandani?"

"Baba yako hataki," Tasripah alijibu siku zote, ingawa hakuwa amewahi kumwuliza. Ukweli ni kwamba hakujua yeye mwenyewe anataka nini.

Basi siku moja, kwenye kikao cha kina mama wa mtaa, alikuja mwanamke kijana aitwaye Hanik, aliyeolewa kijiji cha pili. Alibeba ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko. Ndani mlikuwa na kambare wadogo. Mfuniko ulitobolewa matundu, na kwenye kila tundu kikaning'inia kikombe chenye vipande vya mkaa, na kwenye mkaa ikachomoza kangkung, mchicha ule wa majini wenye shina wazi ndani kama mrija, kijani kibichi kuliko kitu chochote kilichoonekana Jerukasem miaka ya karibuni.

"Hamna udongo humu," Hanik alisema. "Samaki anakula, anachafua maji. Kuna vijidudu, huvioni kwa macho, vinaugeuza ule uchafu kuwa chakula cha mmea. Mmea unakula, maji yanarudi safi kwa samaki. Wewe unalisha samaki tu, mboga inajilisha."

Kustirah alikuwapo, jirani wa Tasripah wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. Akakunja uso. "Ngoja nielewe, Mbak. Samaki anajisaidia, mboga inakula, halafu mboga naila mimi?"

"Na samadi uliyokuwa ukitia kwenye biringani zako, Yu, ilikuwa inatoka wapi kwa ng'ombe? Mdomoni?" Hanik akamjibu; Mbak na Yu kwao ni namna ya kumwita mwanamke "dada".

Kina mama walicheka mpaka chai ikamwagika. Tasripah hakucheka. Alikuwa ameinua kikombe kimoja anatazama mizizi, myeupe na mirefu kama nywele za ajuza, haina hata doa. Akakwanyua jani, akalitafuna polepole. Halikuwa na chumvi.

Kabla hajaondoka, Hanik alimweleza tena taratibu: maji yakae kwanza wiki kadhaa mpaka yakomae, samaki waanze wawili watatu, chakula kiwe kidogo. "Usiwe na haraka, Yu." Tasripah aliitikia kila neno. Masikio yalisikia, moyo ulikuwa umeshafika sokoni kununua samaki.

Kesho yake alijaza pipa maji ya bomba, akawamwaga humo kambare wadogo mfuko mzima. Akawalisha kama anavyolisha wageni, kwa maana kwake yeye mgeni asiyeshiba ni aibu ya mwenyeji. Siku ya tatu akawakuta wote wameelea tumbo juu. Akawazika chini ya mgomba uliokufa, akanunua wengine. Nao wakafa. Safari hii aliwatia kwenye beseni, akalifunika kwa kitambaa cha batiki, akapita nalo sebuleni mbele ya mumewe kama anayekwenda kufua.

"Wangapi leo?" Darmuji akauliza kutoka kitini.

Tasripah alisimama. Yalikuwa maneno mawili, na ni swali. Hakukumbuka mara ya mwisho mumewe kumwuliza kitu.

"Wote."

"Na wale wa juzi?"

"Kumbe uliwaona?"

"Sijafa, Mama Faizin. Nimekaa tu."

Akashusha miguu kutoka kwenye stuli, akainuka, akaenda uani huku magoti yakilia. Akainamia pipa, akanusa, akachota maji kwa kiganja, akayasugua kwa vidole. "Haya si maji ya samaki," akasema. "Ni maji ya kufulia. Umeyatoa bombani?"

"Ndiyo."

"Ukawatia humohumo siku ileile."

"Sasa ningewatia wapi, kwenye sufuria?"

"Sufuria ingekuwa haki. Angalau wangejua wanapikwa."

Tasripah alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Darmuji hakucheka. Alikuwa tayari anainamisha pipa kumwaga maji. Alimweleza, huku amempa mgongo, kwamba hata bwawani mtu haanzi na samaki. Anaanza na maji. Anayalea mpaka yawe na uhai ndani yake, yawe na rangi na utelezi, ndipo anamwita samaki.

"Yule binti naye alisema hivyohivyo," Tasripah akakiri.

"Sasa mbona hukumsikiliza?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ya kwenda wapi?"

Tasripah akainama, akashika upande wa pili wa pipa.

Walikinga maji ya mvua kwenye mitungi. Darmuji alikwenda kwa miguu mpaka kwa Hanik, akarudi na mfuko wa kokoto kutoka tangi lake, zenye utelezi wa vile vijidudu, akazitia kwenye pipa kama mtu anayetia hamira kwenye unga. Kila asubuhi alinusa yale maji. Tasripah alipouliza kama bado, alijibiwa bado. Akiuliza kesho yake, bado. Mpaka asubuhi moja Darmuji akasema, "Lete wawili." Wawili wakaishi. Akasema lete watano. Baada ya hapo kangkung waliyoipanda kwenye vikombe vya mkaa juu ya pipa ikaanza kunenepa, Tasripah akaichuma, akaitia kwenye pecel ya siku ile bila kumwambia mtu. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa zamani aliyekuwa akipita tu kununua tempe, alitafuna akaacha kutafuna, akatazama sahani. "Yu," akasema, "hii umeichuma leo." Tasripah akageukia jiko apulize moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Wakaongeza ndoo. Shida ikawa mahali pa kuziweka. Uani rob ilikuwa ikipanda juu ya kila tofali waliloliweka. Siku moja ndoo ilielea, ikatoka kwenye geti, ikapita barabarani na kambare wake ndani. Alasiri Kustirah alibisha hodi akiwa ameikumbatia. "Yu Tasripah, shamba lako lilikuja kunitembelea. Nimelipa chai, limekataa."

Darmuji alikuwa amekaa pale sebuleni akasikia maneno hayo. Jioni ile Tasripah alimwona anatazama dari, kisha sakafu, kisha dari, kama mtu anayepima kimo cha mgeni.

Kulipokucha Tasripah akaenda sokoni kununua karanga. Aliporudi, alikuta vigae vya paa vimepangwa barabarani kwa safu, visafi, kimoja juu ya kimoja. Akadhani ni vya jirani anayejenga. Kisha akainua macho. Mumewe alikuwa amekaa juu ya boriti za nyumba yao, miguu inaning'inia ndani ya sebule, jua limeingia ndani mpaka kwenye kabati la vyombo la marehemu mama yake Tasripah.

"Darmuji," akaita. Hakumwita Baba Faizin. "Umepatwa na nini?"

"Hapa ndipo palipo juu kuliko kote," akajibu kutoka angani. "Sakafu tumeiinua mara tatu, rob ikiingia inafika kifundo cha mguu tu. Tatizo ni jua. Sasa jua lipo."

"Hiyo ni sebule yangu."

"Ni sebule ya kukaa nani? Wageni hawaji, wanaogopa kugonga vichwa."

"Faizin alitahiriwa hapo. Mama yangu alioshwa hapo alipokufa. Wewe uliketi hapo na baba yangu ukasema qabul ya ndoa yetu, sauti inatetemeka kama ya mbuzi. Huwezi kupanda juu asubuhi ukaitoa kama unavunja banda la kuku."

Darmuji aliweka juu ya boriti kigae alichokuwa ameshika. Halafu akasema polepole, "Na mimi nilikaa hapo miaka mingapi nikitazama ukuta? Hulijui hilo?"

Tasripah akaingia jikoni, akafunga mlango. Alilia kwa sauti ya chini, si kwa hasira peke yake. Alikuwa anaililia nyumba yote, na bustani, na ule mgomba, vitu ambavyo hakuwahi kuvililia kwa sababu kila siku kulikuwa na karanga za kusaga. Akalia mpaka ikatosha. Kisha akanawa uso, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka na kuburuta ngazi.

"Kabati linahamia chumbani," akasema. "Na picha ya mama. Na wewe utalibeba kwa mikono yako, hakuna kuliburuta."

"Haya," akasema Darmuji.

"Na mvua ikiingia chumbani kwangu nitakulaza na kambare."

"Haya."

Akaanza kupokea vigae.

Kazi ile ilichukua kiangazi chote. Walijenga matangi mawili ya matofali yanayofika kiunoni mwa mtu, wakayatandika turubai nene. Juu yake wakaweka vitanda vya mapipa yaliyopasuliwa, yamejaa kokoto nyeusi za mlimani. Pampu ndogo ilisukuma maji ya samaki mpaka kwenye vitanda, yakachuja kati ya kokoto, yakadondoka tena tangini kwa mlio wa mtu anayekojoa taratibu, kama alivyosema Kustirah siku ya kwanza kuusikia. Maji ya paa la vyumba yakaelekezwa kwenye mitungi. Kangkung ikapandwa, na chainizi, na vitunguu majani, na pilipili, na mrehani kwenye kona inayopata jua la asubuhi.

Na hapo ndipo ugomvi halisi ulipoanza. Darmuji alitaka samaki wengi. Aliwahesabu kama aliyekuwa na njaa ya kuwaona. Tasripah alitaka mboga nyingi. Samaki walipozidi, maji yalinuka, kambare wakapanda juu kutweta. Vitanda vilipozidi, majani yalipauka, yakawa ya njano katikati ya mishipa.

"Wako wamedhoofisha zangu," Tasripah alisema.

"Zako zinanyonya wangu. Toa kitanda kimoja."

"Toa samaki kumi."

"Huyo mwenye ndevu ndefu simtoi. Ananijua."

"Anakujua? Ana macho ya kuona hata ndevu zake mwenyewe?"

Waligombana asubuhi, mchana na jioni, na walipochoka walimpigia simu Hanik awaamue. Hanik alimwambia kila mmoja kwamba ana haki kidogo. Majirani waliopita waliwasikia wakibishana, na mmoja akamwambia Kustirah kwamba nyumba ile sasa haina amani. Kustirah akatikisa kichwa. "Wewe ni mgeni hapa," akasema. "Hukuisikia ilipokuwa kimya."

Faizin hawakumwambia. Tasripah alijua mwanawe angesema nini kuhusu paa. Kila Ijumaa alimjibu kwamba wako salama, baba yako anakula vizuri, na huo haukuwa uongo. Lakini Faizin alikuwa na mipango yake. Mwaka ule, zilipobaki siku chache Idi kufika, alikodi gari la mizigo, akaondoka Bekasi na dereva wake bila kumpigia mtu simu. Alikuwa ameamua kwamba mwaka huu haji kula Idi na wazee, anakuja kuwachukua.

Alifika alasiri ya rob kubwa. Maji yalikuwa yamefunga barabara, gari likaachwa kwenye kituo cha mafuta, naye akaja kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Umeme ulikuwa umekatwa kijiji kizima. Alipokaribia akaona vigae havipo juu ya sebule ya kwao. Akadhani nyumba imeanguka. Akakimbia katika yale maji, akaingia mlangoni, akagonga kichwa kwenye boriti ya mlango.

Ndani aliwakuta baba na mama yake, maji yamewapita kifundo cha mguu, midomo imekauka kwa saumu, wanachota maji ya tangi kwa ndoo, wanayainua juu kabisa na kuyamwaga yaanguke tena tangini yapate hewa. Tangi la pili alilisimamia Kustirah na sufuria yake ya kupikia wali. Kote kulikuwa na majani mabichi yanamtazama.

Faizin alisimama na viatu vyake. "Pak. Hiki ni nini?"

"Pampu imezimika," Darmuji akasema bila kugeuka. "Hawana hewa. Shika ndoo."

"Nimekuja na gari. Nimekuja kuwachukua."

"Shika ndoo kwanza, ndipo utuchukue."

Faizin akaweka viatu juu ya kitanda cha vitunguu. "Si hapo," Tasripah akasema, "utavilaza." Akaviondoa, akavitundika msumarini, akashika ndoo.

Wakachota. Mwanzoni Faizin alimwaga kwa hasira, maji yakimrukia kila mtu, mpaka Kustirah akamwambia, "Mwanangu, unawapa hewa au unawapiga?" Baada ya hapo akatulia. Aliona jinsi baba yake anavyoinua ndoo, mgongo ule ambao alikuwa ameuzoea umejikunja kitini sasa umenyooka, mishipa ya shingo imesimama. Akaona anamsemesha samaki mmoja mwenye ndevu ndefu, anamwambia avumilie kidogo. Faizin alikuwa hajamsikia baba yake akisema maneno mengi namna ile tangu yeye ni kijana wa shule.

Kwa kuwa umeme haukuwapo, msikiti haukuwa na kipaza sauti. Walijua jua limetua waliposikia ngoma kubwa ya msikiti ikipigwa kwa mkono. Wakafuturu wamesimama majini, tende na chai ya moto kwenye chupa. Umeme ukarudi muda mfupi baadaye, pampu ikakohoa, ikavuta. Kambare kadhaa walikuwa wamekufa. Darmuji akawatoa mmoja mmoja, akawalaza kwenye beseni. Yule mwenye ndevu hakuwamo.

Rob iliposhuka, Kustirah alirudi kwake, na Darmuji akalala palepale kwenye benchi na nguo zake mbichi. Faizin alibaki jikoni na mamaye, anakula pecel aliyopewa, kila kilichomo kimechumwa hatua chache kutoka alipoketi isipokuwa karanga na tempe.

"Mak," akasema, "chakula ni kitamu, sikatai. Lakini bahari haitarudi ilikotoka. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Itapanda zaidi."

"Itapanda."

"Basi hii ni nini? Mnajidanganya?"

Tasripah alikuwa anachambua mrehani kwa ajili ya kesho. Aliendelea kuchambua. "Baba yako alikuwa amekufa, Faizin. Hukuwepo ukaona. Alikuwa anakula, analala, anaswali, na amekufa. Ulipokuwa unaniambia tuhame, nilikuwa nafikiri, nitahamia Bekasi na nani? Na kile kiti?" Akaweka jani bovu pembeni. "Sasa hivi ukiniambia tuhame, naona watu wawili wanaohama. Siku maji yakifika mdomoni mwa tangi, sisi tutakuja, tena hutatuita. Lakini tutakuja na mapipa yetu na pampu yetu, na wewe utatutafutia nyumba yenye jua. Sitakuja kukaa kwenye chumba kutazama ukuta. Hilo tumeshalifanya hapahapa."

Faizin alikula mpaka akafuta jani kwa kidole. Alikuwa na hoja nyingine alizoziandaa njia nzima, akazitafuta, akakuta zimelowa.

"Ni kweli anamjua yule samaki?" akauliza mwisho.

"Usimwulize. Atakueleza mpaka adhuhuri."

Asubuhi Faizin alikwenda kuliaga gari la mizigo liondoke tupu. Lakini lilikuwa limeshalipiwa kurudi, na yeye si mtu wa kuacha gari litembee bure, hivyo akaanza kwa kubeba vitu ambavyo wazazi wake walikubali havifai kuloweshwa tena: kabati la bibi yake na picha iliyokuwa juu yake, masanduku ya nguo nzuri, hati za nyumba. Tasripah alilisindikiza lile kabati mpaka kituo cha mafuta, mkono juu ya mlango wake. Alisikia uchungu, akasikia pia wepesi. Kile kisichoogelea kilikuwa kimetangulia mahali pakavu.

Faizin mwenyewe akabaki kusherehekea Idi. Alitumia siku zake za likizo kuinua matangi kwa safu tatu zaidi za matofali, na kuunganisha betri ya gari kuukuu ili umeme ukikatika pampu isilale. Baba yake alimsimamia kama alivyokuwa akimsimamia bwawani utotoni, kila tofali na neno lake. Walipomaliza, Faizin alisema sasa anaelewa kwa nini kambare hawana masikio.

Mambo ya Jerukasem hayakugeuka kuwa mazuri yote. Familia nyingine mbili za mtaa zilihama mwaka uleule, na nyumba zao sasa zina konokono ukutani. Rob huja mara nyingi zaidi kuliko zamani. Lakini Kustirah ana mapipa manne juu ya paa la zege la bafu lake, na mboga anazila bila kuuliza zilikula nini. Hanik huwatuma watu kwa Darmuji wajifunze kulea maji, na wengine husimulia kwamba wamemsikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Wateja wa Tasripah wamerudi, si wote, wanaotosha kumaliza sufuria kabla ya saa tatu. Akimaliza kuuza huketi kwenye ukingo wa tangi, miguu juu ya tofali, anakata vipando vya mrehani vya kuotesha. Wiki hii anajaribu figili, ambayo Hanik amemwambia haipendi joto. Darmuji anasema haitaota. Tasripah ameshaipanda.